Karatasi ya Njano: Niliyojifunza Nikisimamia Michoro ya Anime

Katika miaka minane niliyokaa Tokyo nikifanya kazi ya kuchora anime, yaani katuni za Kijapani za filamu na televisheni, mitatu ya mwisho niliitumikia katika nafasi ambayo Wajapani huiita sakuga kantoku, na sisi wa studioni tuliifupisha tukasema sakkan. Kwa Kiswahili ningeiita usimamizi wa michoro. Ndugu zangu wa Tanga walipouliza ninafanya nini hasa, wengi walidhani kwamba mimi ndiye ninayetunga hadithi, au kwamba ninasimama nyuma ya wachoraji nikiwaelekeza. Sivyo. Hadithi ina mwandishi wake, kila kipindi kina mwongozaji wake, na kila kipande cha picha kina mchoraji wake. Sakkan huketi kwenye meza yake mwenyewe, akapokea michoro ya wote hao, akaipitia na kuirekebisha, ili mhusika aliyeonekana katika dakika ya pili awe ni yuleyule katika dakika ya kumi na nane, ingawa amechorwa na mikono kumi na mitano isiyofanana. Hivyo ndivyo kazi inavyoelezwa, na maelezo hayo ni sahihi. Mimi yaliniponza mwanzoni kwa sababu yanataja sura ya mhusika tu, wala hayasemi lolote kuhusu mwendo wake.

Kipindi kimoja cha anime ya televisheni huwa na dakika 20 na ushei za picha, ukiondoa wimbo wa kufungulia na ule wa kufungia, na picha hizo hugawanywa katika vipande vinavyokaribia 300, ambavyo huitwa katto. Kila katto ina bahasha yake kubwa ya karatasi ngumu, yenye namba ya kipindi, namba ya kipande na urefu wake kwa sekunde na fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo. Ukikuta pameandikwa 4+12, ujue ni sekunde nne na fremu kumi na mbili, na kwa kuwa sekunde moja ina fremu 24, kipande hicho kina fremu 108. Anime ya televisheni kwa kawaida haichori kila fremu. Mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu tatu, kwa hiyo sekunde moja ya mwendo huhitaji michoro minane. Mchoraji mkuu huchora ile michoro inayobeba mwendo, iitwayo genga, kisha watu wengine, mara nyingi vijana wanaoanza kazi au studio za nje kama vile za Korea Kusini, China, Ufilipino na Vietnam, huchora ile ya katikati iitwayo doga. Baada ya hapo michoro hutiwa rangi, ikaunganishwa na mandhari, ikawa picha.

Sakkan huingia mara mbili. Kwanza mchoraji mkuu huleta mpangilio wa picha pamoja na michoro ya awali isiyosafishwa; mwongozaji wa kipindi huipitia kwa ajili ya uigizaji na muda, kisha huja kwangu kwa ajili ya uchoraji, na katika mfululizo mkubwa hupita pia kwa msimamizi mkuu anayelinda sura za wahusika kwa vipindi vyote. Ndipo bahasha hurudi kwa mchoraji akasafishe. Akimaliza, hurudi tena. Katika studio yetu mwongozaji aliandika kwenye karatasi za samawati, mimi nilichora kwenye karatasi za njano, na msimamizi mkuu alitumia za waridi. Karatasi hizo ni nyembamba kuliko nyeupe, zina matundu matatu kwa juu yanayokaa kwenye vigingi vya chuma, na ukiwasha taa iliyo chini ya kioo cha meza unaiona michoro yote kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine.

Nilipopewa kipindi changu cha kwanza nilikuwa nimechora genga kwa miaka miwili, na nilijua kwamba nimepewa kwa sababu nilizimudu vizuri karatasi za mfano. Hizi ni michoro ya kila mhusika kwa pande zote, pamoja na vipimo vya uso wake na mikao ya macho yake anapocheka, anapokasirika na anapolia. Nilizibandika ukutani mbele yangu. Nilijifunza umbali uliopo kati ya kona ya jicho na sikio, nilijifunza kidevu kinapoanzia kukatika, na nikajua ni nywele zipi za paji la uso zinazopita mbele ya nyusi. Kila bahasha iliyofika mezani niliifungua nikatafuta makosa, na makosa yalikuwepo tele, kwa kuwa kila mchoraji ana mkono wake: mmoja hurefusha shingo, mwingine hufanya macho madogo, mwingine hapendi kuchora mikono na huificha nyuma ya kila kitu kinachofichika. Nikawa narekebisha yote. Nilirekebisha mchoro wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho, uso kwa uso.

Kipande kilichonifundisha kilikuwa cha mama mmoja aliyeketi mezani ameshika bakuli la chai. Anasikia jina la mwanawe likitajwa kwenye chumba cha pili, naye analiweka bakuli chini. Basi, hakuna kingine. Urefu wake ulikuwa 4+12. Kilichorwa na msichana aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika genga, na sura zake hazikufanana na karatasi za mfano hata kidogo: macho yalitengana mno, taya lilikuwa refu, na katika mchoro wa tatu kichwa kilikuwa kimeinama upande kwa namna iliyonionekania kuwa ni kosa la wazi. Michoro ilikuwa tisa. Niliweka karatasi ya njano juu ya kila mmoja, nikaanza na mstari wa katikati ya uso, nikaweka mstari wa macho, nikafuata kidevu, nikamalizia na nywele. Kichwa kile kilichoinama nilikinyoosha. Bega nililipandisha kidogo ili lilingane na lile la pili. Nilipomaliza, mama yule alikuwa mzuri, ndiye hasa wa ukutani kwangu, na nilifurahi.

Wiki kadhaa baadaye tulikaa kutazama vipande vilivyokwisha kutiwa rangi. Kile cha mama kilipopita, chumba kizima kilinyamaza kwa namna ambayo sikuielewa. Mwongozaji aliomba bahasha yake iletwe. Akazitoa karatasi nyeupe za msichana, akazishika kwa vidole vya mkono wa kushoto kama tufanyavyo, karatasi moja kati ya kila vidole viwili, akazipeperusha ili auone mwendo. Kisha akazichukua zangu za njano, akazipeperusha vilevile. Akarudia. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, maana alikuwa mtu mpole, kwamba mama wa kwanza alikuwa amesikia, na mama wangu hakuwa amesikia kitu.

Nilizichukua karatasi mwenyewe. Katika mchoro wa pili wa msichana bega la mama linashuka, lakini mkono wenye bakuli bado uko hewani. Katika mchoro wa tatu kichwa kinaelekea upande wa mlango, kidogo tu, kiasi cha mtu asiyetaka aonekane anasikiliza. Ukiangalia ile karatasi ya muda, inayoonyesha kila mchoro unashikiliwa kwa fremu ngapi na ambamo namba za genga huzungushiwa duara na za kati huwekewa nukta, utaona kwamba mchoro huo wa tatu ulikuwa umeshikiliwa kwa fremu 18, muda mrefu kwa kipande kifupi namna ile. Bega lake linapata habari kabla ya mkono. Baada ya hapo tu ndipo bakuli linashuka, na linaposhuka linagusa meza kwa ukingo kwanza, kisha ndipo linatulia. Msichana yule alikuwa amemtazama mtu halisi akifanya jambo hilo, sina shaka. Nami niliponyoosha kichwa na kupandisha bega niliondoa ile sekunde ambayo kipande kizima kilikuwepo kwa ajili yake, nikabakiza mwanamke mzuri anayeweka chombo mezani.

Kipande kilirudiwa. Michoro ya kati ilichorwa upya na rangi ikatiwa upya. Aliyechora ile michoro ya kati kwa mara ya pili alikuwa akilipwa takriban yeni 200 kwa mchoro, kama ilivyo kawaida kwa vijana wengi wa doga, na muda aliotumia kwangu ungeweza kutumika kwa kipande kingine. Nilimwendea msichana wa genga nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa akasema kwamba sura zake kweli zilikuwa mbaya na akanishukuru kwa kuzirekebisha. Jibu hilo lilinikaa moyoni kuliko kama angenilaumu, kwa sababu nilitambua kwamba angeondoka pale akiamini kuwa alikosea kila kitu, hata lile bega.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na wateja wengi walimletea nguo zilizoshonwa na mafundi wengine wazirekebishiwe, ama zilibana, ama zilipwaya. Nilipokuwa mdogo nilimsaidia kupiga pasi, na nilimwona kila mara akifanya jambo moja kabla hajagusa mkasi: anaigeuza nguo ndani nje, anaipitisha mishono kati ya vidole, anatafuta yule fundi wa kwanza alianzia wapi na kwa nini aliacha kitambaa cha ziada mahali fulani. Nilipokuwa njiani kurudi chumbani kwangu usiku ule, kwenye treni ya mwisho ya reli iitwayo Chuo, nilimkumbuka. Mimi nilikuwa nimekata kabla sijageuza.

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu. Bahasha ikifika, sikuweka karatasi ya njano kabla ya kuipeperusha michoro mara tatu na kuisoma karatasi ya muda. Nilitafuta mchoro ambao mchoraji aliutia nguvu zaidi, maana karibu kila mmoja anao, na huo nilijitahidi niuguse kwa uchache kuliko yote. Kisha nilichagua michoro miwili au mitatu ya kurekebisha, kwa kawaida ule wa mwanzo, ule wa kutulia mwishoni, na mwingine wa kati kama uso umegeuka. Humo nilichora macho, pua na kidevu, na pembeni nikaandika kwamba mwili ufuate wa mchoraji. Mabega, viganja na uzito wa mwili vilikuwa mali yake. Niligundua kwamba ukiyaweka macho mahali pake, kwa upana wake na mng'ao wake, mtazamaji atamtambua mhusika hata kama taya limezidi kidogo.

Nilichojifunza kwa kosa, wengine walikuwa wamekwisha kukifikiria muda mrefu kabla yangu. Katika historia ya Toei Doga, filamu ya Wanpaku Oji no Orochi Taiji ya mwaka 1963 ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza katika studio hiyo kuwa na sakuga kantoku, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa Yasuji Mori. Kabla ya hapo wachoraji wakuu walichora kila mmoja kwa mkono wake, na mhusika mmoja angeweza kubadilika sura kadiri alivyobadilika mchoraji. Mwaka huohuo, tarehe 1 Januari, studio ya mchora katuni Osamu Tezuka ilianza kuonyesha anime ya Tetsuwan Atomu (Astro Boy) kila wiki kwenye televisheni, kwa michoro michache iliyobanwa kadiri ilivyowezekana. Mimi nayaona mambo hayo mawili kwa pamoja. Kutoka kwa filamu tulirithi sakkan aliye na muda wa kumwelewa kila mchoraji, na kutoka kwa televisheni tukarithi wiki. Kazi yote ya sakkan wa leo ni kujaribu kufanya ya kwanza ndani ya ya pili.

Na wiki haitoshi. Hesabu yake ni rahisi. Kama vimebaki vipande 120 na siku kumi, ni vipande kumi na viwili kwa siku, na ukitaka kulala kwa muda wa saa sita huna zaidi ya saa moja na nusu kwa kila kimoja, pamoja na kula na kujibu maswali. Vipande vingine humalizika kwa dakika tano kwa sababu mchoraji ni hodari. Vingine hufika vikiwa na mistari tu isiyo na mtu ndani yake, na hivyo hula nusu siku. Malipo yangu yalikuwa ya kipindi kizima, si ya kipande, kwa hiyo michoro ilivyokuwa mibovu ndivyo malipo ya kila saa yangu yalivyozidi kuwa madogo. Usiku wa manane waratibu wa uzalishaji walizunguka na gari mitaa ya Suginami na Nerima wakikusanya bahasha majumbani kwa wachoraji, na alfajiri niliwakuta wamesinzia kwenye viti na funguo mkononi.

Katika mfululizo mmoja niliofanyia kazi, kipindi cha nane kilichelewa kiasi kwamba tuliongezwa hadi tukawa wasimamizi kumi na mmoja. Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba wasimamizi wengi ni dalili ya uangalifu. Aghalabu ni kinyume chake. Kazi ambayo maana yake ni kuufanya mkono mmoja upite juu ya mikono mingi haiwezi kufanywa na mikono kumi na mmoja. Msichana shujaa wa hadithi ile alikuwa na sura nne katika kipindi kimoja, na ya kwangu ilikuwa moja kati ya hizo. Waliopanga ratiba hawakuwa watu wabaya, lakini waliahidi tarehe ya kurusha kabla ya kujua nani atachora, na wachoraji ndio waliobeba ahadi hiyo.

Jambo jingine lililonichukua muda ni maandishi ya pembeni. Siku hizi sehemu ya genga huchorwa na watu walio nje ya Japani, wanaopokea kazi kwa intaneti na kuchora kwenye kompyuta, na wengi wao hawasomi Kijapani kwa urahisi. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa lugha ile, na nakumbuka nilivyokuwa nikizipokea bahasha zilizoandikwa kwa mwandiko wa haraka na kukaa na kamusi hadi usiku. Kwa hiyo niliandika kifupi, kwa maneno ya mtoto wa shule, na pale ilipowezekana nilichora mshale badala ya kuandika. Bega kwanza, mkono baadaye. Uzito uko mguu wa kushoto. Anaangalia mlango, haangalii meza. Na jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, ila nililishika kwa ajili ya yule msichana: kila nilipoacha mchoro bila kuugusa kwa sababu ulikuwa mzuri, niliandika kwenye karatasi ya njano isiyo na mstari wowote kwamba huu ni mzuri, nimeuacha hivyo. Karatasi hiyo nayo iliingia kwenye bahasha pamoja na nyingine. Ilinigharimu sekunde kumi. Mchoraji mmoja aliniambia, tulipokutana baada ya kipindi kumalizika, kwamba alikuwa amezitunza nne.

Haikuwa rahisi kwangu kila mara kuutetea uamuzi wa kuacha. Katika mfululizo wangu wa mwisho palikuwa na kipande cha kijana anayekimbia mvuani kumfuata kaka yake, naye anateleza, anajishika, anaendelea kukimbia. Mchoraji alikuwa amelivuta taya lake na kuyasogeza macho yake katika mchoro mmoja wa pale anapoteleza, mchoro uliokaa kwa fremu tatu tu. Ukiusimamisha unaona uso usiofanana na wa mtu yeyote. Ukiuacha upite unahisi tumbo lako likipanda, kama wewe ndiye uliyeteleza. Niliupeperusha mara nyingi kuliko kawaida yangu. Niliweka karatasi ya njano juu yake, nikachora uso sahihi, nikaupeperusha, na kijana hakuteleza tena. Alipiga hatua mbaya kidogo tu. Niliitoa karatasi yangu nikaichana.

Kipindi kiliporushwa, watazamaji waliusimamisha mchoro ule wakausambaza, wakasema kwamba uchoraji umeporomoka. Mtayarishaji aliniita akanionyesha. Nilimweleza kwa kirefu, naye alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba kwa ajili ya toleo la diski, ambalo kwa kawaida huwa na marekebisho ya michoro iliyokosewa, angehitaji niandike orodha ya vipande vya kurudia katika kipindi kile. Nilikaa nayo siku mbili. Nilipitia upya kipindi kizima, fremu kwa fremu, nikakuta mengi yaliyonitia aibu: mkono wenye vidole vilivyojikunja vibaya, macho yaliyotazama pasipo, kivuli kilichokosa chanzo cha mwanga. Niliandika vipande 31. Kile cha mvuani sikukiandika.